Pikipiki Inayogoma Ikipata Moto

Ijumaa. Vumbi tangu asubuhi, hata kibodi ya hii kafe ya intaneti inakwaruza vidole. Leo simwamini mtu.

Mimi nimeendesha pikipiki kutoka Dodoma hadi Kigoma na kurudi, nikavuka mito ambayo wenye digrii wanaiona kwenye ramani. Shule niliishia la saba, lakini dunia naijua. Sasa pikipiki yangu mwenyewe inanifanya mjinga. Ikiwa ya baridi inawaka kiki moja. Ikishapata moto ukaizima, umekwisha: unapiga kiki mpaka kiatu kinaomba talaka. Ikipoa, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Mke wangu yuko mwezi wa tisa na tunakaa Hombolo. Pikipiki ndiyo hii hii ya kumleta hospitali mjini.

Ikizimika katikati ya njia, je?

Nikamshuku Maulidi, fundi wangu, aliyeigusa mara ya mwisho. Siku hizi vitu feki vimejaa madukani. Nikaona kanitolea kabureta orijino, kanichomekea ya bandia. Wiki nzima nimemtangaza mwizi kila kijiwe nilichopita.

Leo nikaenda kumkabili. Akaitegea injini sikio, akacheka.

"Kaka, si wewe uliyesema kelele za valvu zinakutia aibu, nizikaze inyamaze?"

"Nilisema inyamaze, sikusema igome!"

"Ndiyo imebana. Ikipata moto valvu hazifungi vizuri, inakosa pumzi. Na siku ile ulinilazimisha nizipime injini ikiwa bado ya moto, eti ikilala hapa nitakula vipuri."

Kweli nilisema. Na bado naona nilitumia akili.

Akasema safari hii ipoe kabisa kwanza. Nikakaa palepale juu ya tairi bovu, macho kwenye kabureta, mpaka alasiri. Mkewe akaleta ubwabwa na maharage. Nikasubiri Maulidi ale kwanza.

Nikala sahani mbili.

Ilipopoa akalegeza valvu. Nikaikimbiza hadi Mtumba na kurudi, injini ikawa ya kukaangia yai. Nikazima. Kiki moja, ikawaka. Nikazima tena, nikidhani ni bahati. Ikawaka. Sasa inagonga tik-tik kama cherehani kuukuu, na aibu sina hata chembe.

Kabureta nimeikagua pia. Ni ileile, na mkwaruzo nilioutia mwenyewe kule Kigoma uko palepale.

Naondoka, Maulidi akanishika bega. "Shemeji akishikwa na uchungu, na hii ikileta ubishi, nipigie saa yoyote. Nakuja na yangu."

Mtu mwema namna hii ananitia wasiwasi. Anajua nilivyomsema, au bado?

Kesho nazunguka vijiwe vyote kukana niliyoyasema, na wanaotaka kucheka wacheke. Ila maneno yangu yamenitangulia wiki nzima. Uchungu ukianza kabla sijayafuta, nikampigia, na yeye ameshayasikia...

Atakuja?