Mkanda wa Baba Mdogo Haukuungua

S.L.P. 73,
Makambako.
14 Julai, 1996.

Mpendwa shangazi Emerensiana,

Kamwene. Kabla sijakuuliza habari za Tabora na za mguu wako, nakuambia jambo ambalo hata mama halijui. Mkanda wa video wa baba mdogo Tarsis haukuungua. Ninao mimi.

Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imetukomesha. Shule nimemaliza, nipo tu hapa Lyamkena.

Unajua kiwanda alichofanyia kazi kilipouzwa, kikundi cha ngoma cha wafanyakazi kilivunjwa, baba mdogo akabaki kucheza peke yake sokoni. Basi akaja mgeni mwenye kamera ya video. Kazi yake ni kutengeneza filamu za wasanii: filamu moja, mtu mmoja, bila hadithi wala muziki. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akamwambia, "Kesho nitakupiga picha."

Baba mdogo akafanya kama tufanyavyo wote tukienda studio kupigwa picha. Alivua njuga, akaazima koti na viatu, akasimama wima, mikono mapajani, akamkodolea macho mpaka mkanda ukaisha. Mgeni hakumsahihisha. Alisema ni nzuri sana, akatuachia nakala, akaenda zake.

Baba mdogo aliwaalika watu kwenye kibanda cha video cha Halfan, akakaa mbele kabisa. Haukupita muda wakaanza. "Halfan, deki imekwama!" "Ipige kofi, mzee ameganda." Mwingine akasema, "Mwacheni, anasubiri jeneza." Halfan mwenyewe alicheka. 

Zile njuga sasa wamefungwa mbuzi. Mkanda alinipa niutie motoni. Nilichoma kasha la plastiki la kuuwekea tu, naye alipouona moshi mweusi akageuka akaondoka. Shangazi, mimi niliona wasichokiona wale. Ndani ya kile kiatu cha kuazima, kisigino chake kilikuwa kinacheza. Hakuna aliyemwambia acheze.

Nimeuficha kwenye maharage atakayokuletea mama Dorkasi, jirani yetu. Utazame ukiwa peke yako.

Wasalimie Lucia na Stanley. Mungu awafunike nyote.

Nakuomba sana, usimwambie yeyote, hasa baba mdogo. Siku hizi ameanza tena kupita sokoni, kwa sababu anaamini uliungua.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda,
Hilda