Siku Niliyovaa Miwani ya Kiongozi

Furaha mujukuu wangu wa Kisangani,

Siye hapa Rwambuzi tuko wazima, ni magoti tu yanamusumbua koko yako mama. Mudogo wako amemaliza masomo, tunashukuru Mungu.

Unauliza kama kweli nilicheza mu televizyo yule kiongozi wa wakati wa vita. Ni kweli. Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa mwalimu kijana. Watu wa televizyo walisema tunafanana, wakanivalisha koti na miwani kama yake, nikatoa hotuba mu soko ya Bule.

Nilipomaliza, mama mumoja akanishika mukono. Bwana yake alienda vita na watu wa yule kiongozi, hakurudi. Juma ile familia ilikuwa inatayarisha matanga yake.

"Shefu, walituambia ulikufa," akasema. "Kumbe uko muzima! Na bwana yangu je?"

Ningevua miwani. Lakini watu walikuwa wanatuangalia, na ile sauti ya hotuba ilikuwa bado mu koo yangu.

"Atarudi, mama," nikamwambia.

Akarudisha wageni wa matanga kwao.

Kisha miaka kumi nikapita kwake, bila miwani. Hakunitambua. Nikaomba maji. Mu nyumba mulikuwa viti viwili, na yeye alikaa kwa kimoja. Nilipovuta kile kingine, akanizuia polepole.

"Unisamehe, baba. Mwenye kiti iko mu njia."

Nikakunywa maji yake nimesimama.

Koko yako