Unga wa Mifupa

Jumanne, 2 Machi 1999

Imekubali! Ya kwanza ilivunjika, ya pili ikaungua, leo imekubali. Skrubu nyeupe, ngumu: unga wa mifupa ya ng'ombe ndani ya ile plastiki niliyotoka nayo Ubelgiji. Itashika mfupa uliovunjika, kisha plastiki iyeyuke mwilini polepole, mfupa ujijenge mahali pake. Hakuna kupasuliwa tena kutoa chuma. Kwa vita hivi nani atafika hospitali mara mbili? Tutaanza na mbuzi wa jirani yangu Alphonse, amevunjika mguu. Alphonse anasema akifa tutamla, hakuna hasara.

Alhamisi, 4 Machi

Placide, kijana anayenikusanyia mifupa, ameleta gunia jingine kwa baiskeli. Ametoka njia ya Lubondja, huko askari walikochinja ng'ombe wa watu. Nilimwagiza aiponde huko huko, mzigo uwe mwepesi. Nimeitia yote kwenye tanuru la matofali. Sikuangalia.

Ijumaa, 5 Machi

Mungu wangu.

Ndani ya majivu — plaki ya chuma. Ile ya kushikilia mfupa, na skrubu zake bado zimo. Ng'ombe hawekewi plaki!

Nimekaa chini. Mikono myeupe kwa unga. Nimenawa, nimenawa tena.

Nimemwita Placide. Hakukana.

"Prof, mi niliokota ile ilikuwa chini. Kule bangombe na bantu balilala pamoja. Mufupa ni mufupa."

Sikuweza kumtukana. Niliagiza mifupa, sikuuliza ya nani.

Hapa mjini Baraka namjua mtu mmoja tu mwenye plaki mguuni: Déogratias, mwalimu mwenzangu, aliyeanguka na pikipiki. Krismasi alipanda mlimani, Lubondja, kutafuta mihogo. Hakurudi. Labda si yeye. Wako wengine. Lazima wako wengine!

Jumapili, 7 Machi

Constance, mke wa Déogratias, amekuja moja kwa moja kutoka misa. Anacheka! Eti msafiri mmoja kasema mume wake alivuka ziwa, yuko kambini upande wa Kigoma. Ameniletea ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, tushangilie. Nikamshukuru Mungu pamoja naye, na kopo la unga wa mifupa ile liko nyuma yangu, sijui niuzike kaburini au nifanyeje.

Kisha mdomo wangu huu! Nikamuuliza plaki ya Déogratias iko mguu gani. Kana kwamba chuma kina kushoto na kulia.

"Ya kushoto," akasema. Akaacha kucheka. "Prof, juu ya nini uko naniuliza ile?"

Nimemwambia asubiri kidogo. Nimejifungia chumbani, naandika. Namsikia nje akivuta kiti. Hajaondoka.