Kura Iliyopigwa Nyuma ya Kioo

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile kochi la mwenye duka ulilokuwa unalitengeneza limeshatoka sebuleni, upite bila kujigonga goti. Sisi huku hatujambo. Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza. Ukishatolewa mtoto wa jicho nitarudia mwandiko wangu wa kawaida, maana karatasi zinaniishia.

Habari kubwa ni kwamba nimechaguliwa kuingia bodi ya chama chetu cha wakalimani wa lugha ya alama. Usicheke. Mwalimu, yule aliyenifundisha kazi na ambaye sasa ni mwenyekiti wetu, alinisifu mbele ya mkutano mzima hadi nikavimba kichwa. Mshahara hakuna, ni chai tu na biskuti mbili.

Jana tulikaa kikao cha kwanza. Baba, sijaona watu wapole namna ile. Kila mtu anaeleza walichosema wengine: wanachama wanasema hivi, hospitali inasema vile. Ndivyo tulivyofunzwa, mkalimani haongezi neno lake. Sasa hospitali kuu inataka wakalimani wengi na inawataka haraka, na tukichelewa itatafuta pengine. Kwa hiyo ikapendekezwa waliomaliza kozi fupi wapewe vyeti bila ule mtihani wa kukaa mbele ya jopo la viziwi, ambao wengi huanguka. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye neno. Tukanyamaza kama maji ya mtungini. Akasema, "Basi, limepita."

Mimi neno nilikuwa nalo, lakini sikulisema. Mtu amenishika mkono tangu sijui kitu, nitapata wapi uso wa kumpinga mbele ya watu? Nimerudi nyumbani sina raha.

Nisalimie jirani.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti limepona, kochi limeondoka na lingine limeingia, bovu kuliko la kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kwa jicho la kushoto kisha kwa la kulia, maana siku hizi hayaelewani. Umenieleza alichosema mwenyekiti, walichosema wanachama, na ilichosema hospitali. Ulichosema wewe hakimo. Ulipokuwa mdogo nikienda nawe sokoni, muuzaji akitaja bei ulikuwa unanipa bei yake sawasawa, halafu unaongeza: "Baba, huyu mwongo, twende zetu." Nani amekufunga mikono?

Sasa nisikilize. Nimepangiwa kupasuliwa jicho la kwanza mwezi wa tano, katika hospitali hiyohiyo. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi zako uje kunitafsiria, kama ulivyofanya kwenye benki na kwenye baraza la ardhi. Sitaki. Lakini ujue ninachokiogopa. Jicho ndilo sikio langu. Wakilifunga moja, na la pili lina ukungu, nitakuwa nimebaki na mikono ya mtu mmoja nisiyemjua. Mwaka jana kwa daktari wa meno niliwekewa kijana wa kozi. Nesi alisema nisile kwa saa tatu, yeye akaniambia siku tatu. Nilishinda na njaa, nikalala na njaa, hadi jirani aliponiuliza nafunga kwa ajili gani. Lile lilikuwa jino. Nikacheka. Jicho sitacheka.

Mambo ya bodi siyajui, najua makochi. Lakini hicho kiti wamekupa wewe, hawakumpa Mwalimu viwili.

Baba yako

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Unatumia zile dawa za matone, au zimekaa dirishani kama pambo?

Umeniweka njia panda. Kabla ya barua yako ningeweza kusema nawatetea viziwi wote. Sasa nikifungua mdomo wataona natetea jicho la baba yangu, na kweli nalitetea, silali kwa kulifikiria. Nimeisoma upya katiba ya chama. Inasema mwenye jambo lake binafsi ndani ya shauri alitaje waziwazi, kisha wenzake waamue bila yeye. Nikilificha nitapata kura yangu moja. Nikilitaja huenda nisipate hata hiyo.

Nitalitaja. Nimemwandikia Mwalimu kuomba shauri lifunguliwe tena, nikamweleza na habari yako. Amenijibu kwa mstari mmoja: tutaonana kikaoni. Hata salamu hakuniwekea, yeye ambaye hakosi kuniuliza habari za nyumbani.

Ukiona kimya, ujue bado sina la kukuambia.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo wa kujikaza.

Kimya chako kimezidi. Hospitali wameniletea karatasi ya kuthibitisha siku ya kupasuliwa, nayo ipo mezani na kalamu juu yake. Jana nimepiga misumari kitambaa cha kochi juu chini, mteja ndiye aliyeona. Daktari alisema nikikawia sana hili jicho litaharibika. Lakini sitalala kwenye kitanda kile na kufungwa macho bila kujua mkalimani wangu amepimwa na nani. Usiponiandikia, siweki sahihi.

Sikutishi. Naogopa tu.

Baba yako

14 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo sana. Weka sahihi. Nimeanza na hilo ili usome barua yote ukiwa umetulia. Habari za afya utanijibu baadaye.

Kikao kilikuwa jana, katika chumba cha maktaba, kile chenye mlango wa kioo. Lilipofika shauri letu nilisimama. Nikasema: baba yangu ni kiziwi na mwezi ujao anapasuliwa jicho katika hospitali hii, mlijue hilo kwanza. Kisha nikasema, "Mimi naona cheti kisitolewe bila mtihani. Jopo likutane mapema, na hospitali iombwe isubiri." Hutaamini ilivyo tabu mkalimani kutamka "mimi naona" mbele ya wakalimani. Mhazini wetu aliinua kichwa akanitazama kama aliyesikia kiti kikizungumza.

Mwalimu akasema, "Basi tupishe, tuamue." Nikatoka.

Hapo ndipo nusura panishinde. Wakalimani wakipandwa na hasira huacha sauti na kubishana kwa mikono, wewe unatujua. Mtu mwingine angekaa pale nje asiambulie kitu. Mimi kwa kile kioo ningejua kila neno, na nani kalisema. Kulikuwa na kiti kimoja tu, kimeelekea mlangoni. Nikakigeuza kikatazama ukuta. Ukutani kuna bango la namna ya kuzima moto, nikalisoma hadi nikahisi naweza kuuzima mji mzima. Mara nikaona taa ya ndani inaleta vivuli vya mikono yao palepale kwenye bango, vinakwenda mbio. Nikafumba macho. Baba, jicho lako lilikuwa mle ndani, nami ilikuwa nifumbue langu tu. Nilishika kiti kwa mikono yote miwili, roho juu, nikakaa hivyo.

Mlango ulipofunguka ni Mhazini aliyetoka, macho mekundu. Akasema, "Ingia, limekwisha." Vyeti vimesimamishwa. Jopo la viziwi linakaa wiki ijayo kuwapima wale wa kozi, na hadi hapo hospitali itapokea waliokwisha kufaulu mtihani peke yao, tutapokezana zamu hata ikibidi kusafiri. Hospitali imekubali kusubiri. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewapigia simu, mbele yetu.

Wakati wa kuondoka Mwalimu alinimiminia chai, akasema, "Nilikufundisha kunyamaza vizuri mno." Nikacheka, na machozi yakanitoka hapohapo. Kisha akaniuliza habari za nyumbani.

Usiniulize nani alisema nini. Sijui, na ningejua nisingekuambia. Yale niliyokusimulia Februari kuhusu kikao yalikuwa ya mwisho.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine nyingi za akiba. Mimi ni mzima, na safari hii sikutanii. Bandeji imetoka. Barua yako ya mwisho nimeisoma tena kwa jicho jipya peke yake, la zamani nimelifunika kwa kiganja. Kumbe unaandika kwa wino wa bluu. Miaka hii yote nilijua ni mweusi.

Mkalimani wangu alikuwa mama mmoja mwenye nywele fupi, mikono yake inasomeka kama gazeti. Kabla ya yote alikaa nami, tukapatana: jicho likifungwa atanigusa bega, kisha ataniandikia alama kiganjani. Daktari alisema jambo moja kwa haraka, na yule mama akamrudisha nyuma, akamrudisha tena, hadi mimi nilipoitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Nililala pale, nikaona ajabu kwamba siogopi.

Baadaye nilimchokonoa. Nikamwambia mimi ndiye baba wa yule aliyegeukia ukuta, hebu nidokeze mambo ya kile kikao. Akaweka uso uleule unaouweka wewe, akanijibu kikao ni kikao. Nilinuna kidogo, halafu nikafurahi kwa siku nzima. Hadi leo sijui kama ni mtu wa bodi yenu au ni mbishi tu.

Jicho la pili ni mwezi wa nane, na sasa nataka uje. Usije kunitafsiria, mkalimani ninaye, nimemwomba huyohuyo. Tangu hujang'oka meno ya utoto umekuwa ukisimama kati yangu na kila daktari. Hata habari ya ugonjwa wa mama yako niliipata mikononi mwako, na hukupata nafasi ya kulia hadi ulipomaliza kunieleza. Njoo ukae upande wa kitanda, mikono uiweke mapajani, uwe mtoto wa mgonjwa kama watoto wengine.

Baba yako