Nashipai Amekataa Kuhesabu

Baba Nashipai,

Tangu gari lako la watalii lipinduke kule kreta tukakuzika kwenu Piyaya, mwanao hahesabu. Hata maharage ya kuhesabia hataki kuyagusa. Nami ndimi mwalimu wa awali hapa Karatu, niliyesomea saikolojia chuoni: mtoto hukua kwa hatua, akisifiwa hurudia, akiadhibiwa huacha. Nimempa pipi, nimemfinya, wapi! Nikamimina maji kutoka glasi fupi kwenda ndefu, nikamuuliza kama yameongezeka. Hilo alijibu vizuri: "Ni yale yale, mama." Nikimwambia ahesabu tulio mezani, anafumba mdomo. Mwalimu mkuu anataka arudie awali, eti hajaiva.

Hajaiva! Huyu aliyekuhesabia vifungo vya shati mpaka ukawachelewesha watalii?

Nilimshuku mama yako. Siku ya mazishi alimvuta mtoto pembeni wakanong'ona, nikajua tu kuna kitu amemwambia. Juzi amekuja kututembelea, nikamkabili hata chai hajanywa.

"Nilimwambia watu na ng'ombe hawahesabiwi," akasema. "Ukiwahesabu unawaitia balaa. Nani asiyejua?"

Mimi Mchaga, ningejuaje mwiko wenu? Nilipokuuliza ng'ombe wenu wangapi, ulicheka tu: "Wapo." Nikadhani unanificha mali.

Ndipo Nashipai akasema, nyuma ya mgongo wa Koko, bibi yake: "Mimi nilihesabu. Asubuhi baba anaondoka. Nilisema tupo watatu."

Mume wangu! Chuoni walitufundisha kwamba mtoto mdogo hudhani kila linalotokea limetoka kwake. Niliijibu hiyo kwenye mtihani, nikapata vema. Kumbe nilikuwa nayo nyumbani, na mimi namtilia shaka mama yako.

Mama yako hakubishana na mtu. Alimpakata. "Koko hahesabu ng'ombe, lakini jioni anajua nani hajarudi. Anawatazama, anawataja. Kutaja hakuui mtu. Haya, taja wa nyumba hii."

"Koko. Mama. Mimi." Akatazama mlangoni. Kisha: "Baba hajarudi."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Sote tukalia.

Jumatatu namfuata mwalimu mkuu nimweleze kwamba mtoto hajashindwa kuhesabu, anaogopa. Simwamini kwamba ataelewa, ila atanisikiliza. Maharage yatasubiri mpaka mtoto aseme mwenyewe.

Lala, Baba Nashipai. Nakuahidi, hapa mezani hatuhesabiani tena. Tutatajana kila jioni, na wewe tutakutaja.

Mama Nashipai