Nyuzi Kutoka Kisumu

Mpendwa mama mkwe,

Siku tuliyokuzika, majirani zako wa Kitaji walisema nina moyo mkubwa, kwa kuwa nilitoka Bunda kuja kukuuguza wakati sikuwa tena mkwe wako. Niliwaacha waseme. Lakini wewe sitaki udanganyike, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka nilivyoingia kwako? Ulinishika viganja mbele ya mawifi zangu, ukavigeuza, ukasema, "Mikono hii ni ya kuvuta nyavu. Cherehani itaikataa." Wakacheka. Nilikuwa nimetoka kwetu Majita asubuhi ile ile, mafuta aliyonipaka mama yangu hayajakauka kichwani. Mwanao Magesa alikuwa amesimama pale pale. Baada ya mavuno akaenda Kisumu kutafuta kazi ya gereji, nikabaki na wewe na ile cherehani ya miguu pale mlangoni.

Ilikuwa miaka ya foleni. Maduka ya Iringo yalikuwa na uzi mweupe na mweusi tu, siku nyingine hata huo hakuna, na wewe ulikuwa unaishi kwa kudarizi mashuka na vitambaa vya makochi. Ndipo Magesa akaanza kututumia nyuzi kupitia mpakani Sirari, zimefichwa ndani ya unga. Mzigo wa kwanza tuliufungua pamoja. Zote zilikuwa nene, za nailoni, na mimi nilizipenda kwa sababu zilikuwa zinang'aa. Ulikata kipande, ukakiwasha kwa kibiriti. Kikajikunja, kikawa kidonge cheusi.

"Umeona? Pamba inaungua kama karatasi. Hii inayeyuka. Pasi ikipita, umemharibia mtu shuka lake."

Kisha ukakibandika kile kidonge kwenye kiganja changu kabla hakijapoa. "Sasa hutasahau."

Sijasahau. Alama ipo.

Hivyo ndivyo ulivyonifundisha. Uzi unaokatika ukiuvuta kidogo, rudisha. Uzi mwekundu uloweshe kwanza, uusugue kwenye kitambaa cheupe. Ukiacha rangi, usiuguse shuka la mtu. Usiamini rangi ya uzi ukiwa umeviringwa. Vuta unyuzi mmoja, ulaze juu ya kitambaa chenyewe, mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Niliposhona jani na shina kwa kijani kimoja, ulifumua kazi yangu ya siku nzima kwa wembe, ukanirushia kitambaa mapajani, na chakula hukunipa. Nakiri ulijua kazi. Sijapata kuona mkono kama wako.

Mzigo wa pili ulikuja tofauti. Kulikuwa na rangi tatu za kijani zinazofuatana, nyekundu isiyochuja, uzi mwembamba mweupe wa kujaza bobini, ule wa chini ya sindano, hata sindano za saizi yake. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

"Magesa amejifunza," nilikwambia. "Ananifikiria huko aliko."

Uliniangalia kidogo. "Ee. Amejifunza."

Tangu hapo nikawa naisubiri mizigo ile kuliko chakula. Mwanao alikuwa haandiki barua. Nilijiambia kwamba mwanaume anayeweza kunichagulia rangi ya waridi iliyopauka, na iliyokolea kidogo, na iliyokolea zaidi, hana haja ya kuandika. Kanisani wenzangu walipouliza habari zake nilikuwa nawaonyesha nyuzi. Wewe ulikuwa umesimama karibu, unanisikia.

Kisha ukaleta oda kubwa: mashuka mawili na foronya nne, njiwa wawili katikati, na herufi M na A. Ulisema ni ya mwalimu mmoja wa Kiabakari anayeitwa Marwa, anamwoa Anastazia. Nyuzi za kazi hiyo zilikuja kutoka Kisumu, nzuri kuliko zote zilizotangulia. Nilishona kwa furaha, mama. Nilikuwa naimba. Njiwa mmoja ulimfumua mara mbili kwa sababu mdomo wake ulipinda.

"Rudia," ulisema. "Bibi harusi huyu ana macho."

Kazi ilipokwisha ukasema kuna msiba wa ndugu yenu Kisumu. Nilikupigia pasi kitenge, nikakubebea begi hadi stendi. Uliporudi ulikaa kwenye kigoda, ukaomba chai, ukanywa nusu kikombe kabla ya kuongea.

"Mke wa Magesa kashukuru sana. Kasema mkono wako umekomaa."

Sikuelewa. "Mke gani, mama?"

"Akinyi. Huyo anayekutumiaga nyuzi. Yeye mwenyewe ni fundi. Ulidhani mwanaume anachaguaga uzi namna hiyo?"

"Yale mashuka..."

"Yalikuwa yao. Yamependeza."

Nikakuuliza kwa nini hukuniambia, na wewe ukajibu bila kupandisha sauti, "Ningekwambia, ungeshona?" Ukanisogezea kikombe nikuongezee chai. Na nilikuongezea. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Nilipoondoka kwenda kwa mama mdogo Bunda hukunizuia. Ulichofanya ni kutuma watu kwa baba yangu kudai ng'ombe wenu wa mahari, na baba akawarudisha, hata yule aliyekuwa na ndama.

Mambo yakabadilika. Tukaambiwa biashara sasa ni ruksa, maduka yakajaa nyuzi za kila rangi, na Magesa hakuwa tena na sababu ya kutuma mzigo nyumbani. Vitambaa vilivyodariziwa tayari vikaingia kwa marobota, watu wakaacha kukuletea kazi. Mimi nilishona sare za shule na majoho ya kwaya, nikapata cherehani yangu. Habari zako nilikuwa nazipata, na sikusikitika. Jirani yako aliponifuata akisema huoni tena, miguu imevimba, na umelala peke yako, nilimaliza kwanza joho lililokuwa mkononi. Kisha nikaja.

Nilipokuosha mara ya kwanza ulinishika mkono. Uliushika kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwako.

"Akinyi, mwanangu," ulisema, "Mungu akubariki. Nilijua utakuja. Yule wa Majita asingeweza, yule ana roho mbaya."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwingine angenyamaza, na wewe ungekufa na furaha yako.

"Si Akinyi, mama," nikakwambia. "Ni mimi wa Majita. Akinyi kaambiwa tangu mwezi uliopita. Kasema ana kazi nyingi. Magesa naye kasema ataangalia."

Ulitoa mkono wako kwenye wangu. Ukageuza uso ukutani, na mimi nikaendelea kukuosha miguu, katikati ya vidole, taratibu, hadi maji yakapoa. Siku zote zilizobaki nilikulisha na kukugeuza, na wewe hukusema nami tena hata neno moja. Hakuna aliyekuja kutoka Kisumu, si ukiwa hai, si siku ya maziko.

Watu wanadhani nilikuja kwa kuwa nimekusamehe. Nilikuja kwa sababu nilitaka uniombe radhi nikusikie, na unione nami nina cherehani yangu, lakini macho yako yalikuwa yamekufa kabla. Natamani hata sasa ungeniita jina langu mara moja tu.

Lala huko, mama. Sikuombei mabaya. Mazuri pia sijaweza.

Mkweo wa kwanza