Walikuja Kukuzika, Damu Hawakuja Kutoa

Baba,

Bado nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia.

Siku ile pangaboi la boti lilipokukata paja, tulikufikisha hospitali ungali unaongea. Daktari akasema damu iliyopo haitoshi, tuite ndugu. Nikatoa yangu, ukawekewa. Nikashika simu, nikampigia kila mtu uliyewahi kumtengenezea mashine ya boti yake, toka Mbwera mpaka Kibiti. Wote waliitikia vizuri. Baba mdogo Shabani, mdogo wako wa tumbo moja, ambaye siku hiyo alikuwa hapo hapo mjini, akasema, "Niko njiani, mwanangu." Nilikaa mlangoni mpaka alasiri. Hakufika mtu. Ukaniomba maji, kisha ukanyamaza.

Kesho yake zilijaa boti tatu za watu wa kukuzika. Wanasukumana kushika jeneza! Na kwenye arobaini yako Baba mdogo akasimama kueleza ulivyokuwa mtu wa watu. Nikamuuliza, mbele ya wote, ile njia aliyokuwemo siku ile ilikuwa inakwenda wapi. Shangazi akanivuta kanga nikae. Wakasema sina adabu. Wacha waseme.

Ndipo nikaamua kutembea kwa miguu, Nyamwage mpaka Kibiti, siku mbili, kwa jina lako. Watu walidhani naomba mchango wa hela. Nikawaambia sitaki hata shilingi. Jumamosi njooni uwanjani Kibiti, wataalamu watakuwepo na vitanda, mtoe damu. Wengine walicheka. Mzee mmoja akanifokea kwamba mtoto wa kike hazururi barabarani. Daraja la mto nililivuka nachechemea, malori yananipigia honi. Ikwiriri, mama muuza samaki nisiyemjua alinikalisha, akanikanda miguu kwa maji ya moto ya chumvi, akauliza baba yangu alikuwa nani. Nikalia tu.

Jumamosi yule mama alikuwa wa kwanza kulala kitandani. Wakafuata vijana wa bodaboda, mwalimu, wanawake wa sokoni. Karibu wote hukuwahi kuwaona maishani mwako.

Mchana akaja Baba mdogo. Alikaa kwenye benchi, jasho linamtoka. Zamu yake ilipofika akaniambia kwa sauti ndogo, "Naogopa sindano, mwanangu. Siku ile nilifika getini, nikarudi."

Sindano, Baba. Nilidhani nikiijua sababu moyo utatulia. Ndiyo kwanza ukawaka. Nilimshika mkono mpaka mfuko ukajaa, kwa kuwa kuna mgonjwa anaungoja, lakini sijamsamehe, na wewe siwezi kukudanganya.

Sasa nakuacha upumzike. Kila baada ya miezi minne nitakwenda kutoa yangu. Na nikipigiwa simu kwa ajili ya mgonjwa wa mtu yeyote, hata wa wale walioninyima wewe, nikisema niko njiani, nitafika.

Mungu akutazame kwa huruma ambayo sisi watu wako hatukukuonyesha.

Mwanao,
Mwajuma